Mbio za dada zetu: pengo linapungua, au mlango ndio unafunguka?

Haya ndugu zangu, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumze mbio. Lipo swali linalozuka kila rekodi ya wanawake inapovunjwa, kwenye vijiwe vya kahawa hapa Ng'ambo na kwenye magazeti ya Ulaya vilevile: je, ipo siku mwanamke atamkuta mwanaume kwenye marathoni? Wapo wanaocheka. Wapo wanaosema ni suala la muda tu. Mimi nimekaa na vitabu vya rekodi, nikapiga hesabu, na nimeona kwamba pande zote mbili zinapitwa na jambo kubwa zaidi. Naomba uvumilivu wako, maana safari hii ni ndefu na inaanzia hapa hapa Tabora.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Sasa chukua njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe. Ni zaidi ya kilomita 800, sawa na marathoni 19 hivi, kwa miguu, porini, na mzigo kichwani au begani. Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Miezi minne na ushee. Mzigo wa mpagazi uliweza kufika frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanaume kamili. Historia hiyo tumefundishwa, na tunajivunia nayo.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba wanawake nao walikuwemo. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika sana kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi, ameonyesha kwamba wake na wanawake wengine walisafiri na misafara, wakibeba vyungu, vyakula, vitanda na watoto, na wengine wakibeba mizigo ya ujira kama wanaume. Wakifika kambini, mwanaume anatua mzigo na kukaa. Mwanamke anatua mzigo na kuanza kutafuta kuni na maji. Kwa hiyo mwendo ulikuwa ule ule, halafu ikaongezwa zamu ya pili.

Mfano mzuri ni Halima. Huyu alikuwa mpishi wa David Livingstone, aliyekaa kwenye lile tembe la Kwihara ambalo wageni huenda kulitazama hadi leo. Livingstone alikaa hapo mwaka 1872 akisubiri wapagazi wapya, wakaondoka Agosti kuelekea kusini. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, wenzake waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakipitia tena hapa kwetu. Walifika Februari 1874. Safari ya zaidi ya maili elfu moja. Kila mtoto wa shule anawajua Chuma na Susi. Halima alikuwemo kwenye msafara huo, alitembea njia hiyo hiyo, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kulisikia jina lake darasani?

Weka hilo akilini, kwa sababu ndilo litakalotusaidia kuzisoma rekodi. Rekodi haipimi miguu peke yake. Inapima pia nani aliruhusiwa kusimama kwenye mstari, na nani alikuwa na saa mkononi siku hiyo.

Twende Amsterdam, 1928. Kwa mara ya kwanza wanawake wanakimbia mita 800 kwenye Olimpiki. Lina Radke wa Ujerumani anashinda kwa rekodi ya dunia, dakika 2 na sekunde 16.8. Wakimbiaji wote tisa wa fainali wanamaliza. Lakini magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka ovyo, wakazimia, kwamba ni mambo ya kutisha. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamekuta habari zile zilitiwa chumvi nyingi. Mwanaume akilala chini baada ya mbio anaitwa shujaa aliyejitoa, mwanamke akifanya hivyo hivyo anaitwa mgonjwa. Matokeo yake mita 800 kwa wanawake zilifutwa kwenye Olimpiki hadi mwaka 1960. Miaka 32!

Mita 1500 zikaja Munich mwaka 1972. Marathoni ikaja Los Angeles mwaka 1984, alipoishinda Joan Benoit wa Marekani. Mita 10,000 zikaja mwaka 1988, mita 5000 mwaka 1996, na mbio za kuruka viunzi na maji mwaka 2008. Ndiyo, umesoma sawasawa, 2008.

Hapa naomba Mtanzania mwenzangu usimame kidogo. Taifa letu, hadi kufikia Olimpiki ya Paris 2024, lilikuwa na medali mbili tu za Olimpiki, na zote zilitoka Moscow mwaka 1980. Suleiman Nyambui alipata fedha mita 5000, na Filbert Bayi akapata fedha mbio za kuruka viunzi na maji mita 3000. Tunazisimulia medali hizo kama hadithi za mababu. Lakini angalia: mwaka 1980 mbio zote mbili hazikuwepo kwa wanawake. Mwinga Mwanjala alikuwepo Moscow akikimbiwakilisha nchi mita 800, na mbio ndefu kuliko zote zilizokuwa wazi kwa mwanamke kwenye Olimpiki ile zilikuwa mita 1500. Hata kama angekuwepo binti wa Singida mwenye mapafu ya Nyambui na moyo wa Bayi, asingekuwa na mahali pa kukimbilia. Angesubiri miaka 16 kwa mbio ya Nyambui, na miaka 28 kwa mbio ya Bayi. Nani anakimbia miaka 28 akisubiri?

Na usije ukadhani dada zetu walichelewa kuanza. Theresia Dismas anatajwa kuwa ndiye aliyeiletea Tanzania medali yake ya kwanza ya kimataifa, fedha ya kurusha mkuki kwenye michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville mwaka 1965. Mwanamke ndiye alitangulia kufungua njia.

Sasa tuingie kwenye namba. Mwaka 1967 Derek Clayton wa Australia aliweka rekodi ya marathoni ya wanaume, saa 2:09:36. Mwaka huo huo rekodi ya wanawake, ya Anni Pede-Erdkamp wa Ujerumani Magharibi, ilikuwa saa 3 na dakika 7. Pengo ni karibu dakika 58, sawa na asilimia 45 hivi. Ni mwaka huo huo pia ambapo kule Boston mwandaaji wa mbio alijaribu kumvuta Kathrine Switzer nje ya barabara kwa sababu tu ni mwanamke aliyevaa namba.

Ruka miaka 18. Aprili 1985 Carlos Lopes wa Ureno anakimbia 2:07:12 Rotterdam, na kesho yake Ingrid Kristiansen wa Norway anakimbia 2:21:06 London. Pengo ni dakika 13 na sekunde 54. Asilimia 11. Kutoka 45 hadi 11 kwa miaka 18!

Sasa niambie, miili ya wanawake ilibadilika kiasi gani kati ya 1967 na 1985? Haikubadilika. Mapafu ni yale yale, miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni mlango. Waliokuwa wakikimbia kwa kujificha sasa walikuwa na mbio zao, makocha wao na zawadi zao.

Wataalamu wawili, Brian Whipp na Susan Ward, waliuona mteremko huo wa namba na mwaka 1992 wakaandika kwenye jarida maarufu la sayansi la Nature kwamba, kasi hiyo ikiendelea, mwanamke atakuwa sawa na mwanaume kwenye marathoni mwaka 1998. Dunia ikashangilia, wengine wakanuna. Mwaka 1998 ukafika. Tegla Loroupe wa Kenya, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuishika rekodi hii, akakimbia 2:20:47 Rotterdam. Ronaldo da Costa wa Brazil akakimbia 2:06:05 Berlin. Pengo likawa dakika 14 na sekunde 42. Yaani mwaka uliotabiriwa kuwa wa usawa, pengo lilikuwa kubwa kuliko la 1985.

Kosa lao lilikuwa wapi? Walichukua mstari wa watu waliokuwa wakiruhusiwa kuingia ndani, wakadhani utaendelea kushuka milele. Ni sawa na kuhesabu watu wanaoingia uwanja wa Ali Hassan Mwinyi dakika kumi za kwanza baada ya geti kufunguliwa, halafu ukasema kesho asubuhi watakuwa milioni. Uwanja ukijaa, foleni inakwisha.

Baada ya hapo pengo limekuwa likipanda na kushuka kama bei ya mahindi. Mwaka 2003 Paula Radcliffe wa Uingereza akakimbia 2:15:25, na Paul Tergat wa Kenya 2:04:55. Pengo dakika 10 na nusu, asilimia 8.4. Rekodi ya Radcliffe ikakaa miaka 16, wanaume wakaendelea kukimbia, na Eliud Kipchoge alipopiga 2:01:39 Berlin mwaka 2018 pengo likarudi kuwa dakika 13 na sekunde 46, zaidi ya asilimia 11. Brigid Kosgei akalipunguza mwaka 2019 kwa 2:14:04 kule Chicago. Mwaka 2023 Tigist Assefa wa Ethiopia akakimbia 2:11:53 Berlin, na wiki mbili baadaye marehemu Kelvin Kiptum akakimbia 2:00:35 Chicago. Asilimia 9.4.

Halafu ikaja Oktoba 2024. Ruth Chepngetich wa Kenya, Chicago, 2:09:56. Mwanamke wa kwanza chini ya saa 2 na dakika 10. Ukiiweka karibu na muda wa Kiptum pengo ni dakika 9 na sekunde 21 tu, chini ya asilimia 8. Lakini ndugu zangu, lazima tuseme ukweli wote. Machi 2025 Chepngetich alikutwa na dawa iliyokatazwa, ile inayotumika kukojoza maji mwilini na ambayo inaweza kuficha dawa nyingine, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Uamuzi ule haukufuta rekodi ya Chicago, kwa sababu sampuli ilichukuliwa miezi mitano baada ya mbio. Kila mtu atabaki na moyo wake juu ya hilo. Mimi, kwa hesabu za pengo, natumia muda wa Assefa.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Muda huu wa kasi mara nyingi wanawake huupata kwenye mbio zinazochanganya wanaume na wanawake, ambako wanaume huwa sungura wa kuwaongoza na kuwakinga upepo tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana ipo rekodi ya pili ya mbio za wanawake peke yao. Hiyo Assefa aliiweka London Aprili 2025, 2:15:50. Kati ya muda huo na ule wa Berlin kuna karibu dakika nne.

Je, uwanjani? Hali ni ile ile. Mwaka 1974 kule Christchurch, Bayi wetu alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akaishangaza dunia, rekodi ya wanawake ilikuwa 4:01.4 ya Lyudmila Bragina. Pengo lilikuwa asilimia 14 hivi. Julai 2025 Faith Kipyegon alikimbia 3:48.68, na ukiulinganisha na 3:26.00 wa Hicham El Guerrouj wa mwaka 1998 pengo ni asilimia 11. Siku hiyo hiyo, kwenye uwanja huo huo wa Eugene, Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5000 chini ya dakika 14, akapiga 13:58.06. Rekodi ya Joshua Cheptegei wa Uganda ya mwaka 2020 ni 12:35.36. Pengo, tena, asilimia 11.

Unaona? Ukienda huku kumi, ukienda kule kumi na moja. Wanasayansi wanasema sehemu kubwa ya hii ni maumbile. Baada ya kubalehe, homoni za kiume humpa mwanaume misuli mingi zaidi, moyo mkubwa zaidi, na damu yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba hewa safi, wakati mwili wa mwanamke hutunza mafuta mengi zaidi. Hakuna aibu katika hilo, na wala si tusi.

Ila mbio zikirefuka kupita marathoni mambo hubadilika. Misuli ya wanawake kwa wastani huchoka polepole, na miili yao hutumia mafuta vizuri zaidi kama kuni. Mwaka 2002 Pam Reed alishinda mbio za Badwater, maili 135 kwenye joto la jangwa la California, akawaacha wanaume wote, na mwaka 2003 akarudia. Januari 2019 Jasmin Paris wa Uingereza alishinda mbio za Spine, maili 268 za milima na baridi, kwa rekodi ya wote, huku akisimama kwenye vituo kukamua maziwa ya mtoto wake mchanga. Mbio ya siku nyingi, mzigo mgongoni, usingizi kidogo, mtoto wa kunyonya. Nikisoma habari hiyo simfikirii Mzungu wa Scotland peke yake. Nawafikiria wanawake wa misafara ya Unyanyembe, ambao hakuna aliyewapigia saa.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uzito. Rekodi ya Tanzania ya marathoni kwa wanaume aliiweka Gabriel Geay kule Valencia Desemba 2022, saa 2:03:00 kamili. Kwa wanawake Magdalena Shauri alikimbia 2:18:41 Berlin Septemba 2023, akashika nafasi ya tatu kwenye mbio ile ile aliyoshinda Assefa. Muda mzuri sana. Ni dakika moja zaidi ya hapo, saa 2:19:46, alizotumia Naoko Takahashi wa Japani mwaka 2001 alipokuwa mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 20. Lakini piga hesabu: kati ya Geay na Shauri kuna dakika 15 na sekunde 41. Karibu asilimia 13.

Dunia iko kwenye tisa, sisi tuko kwenye kumi na tatu. Maumbile ya Mtanzania si tofauti na ya Mkenya au Muethiopia. Kwa hiyo hizo asilimia tatu na ushee za ziada si za homoni. Ni zetu. Ni za kuni, za maji, za shule zilizoachwa njiani, za viatu ambavyo kaka alinunuliwa kwanza.

Angalia majirani. Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya Olimpiki alikuwa Pauline Konga, mita 5000, mwaka 1996, mwaka ule ule mbio hiyo ilipofunguliwa kwa wanawake. Miaka 32 baadaye. Dhahabu ya kwanza ya mwanamke wa Kenya ilikuja na Pamela Jelimo mwaka 2008, miaka 40 baada ya dhahabu ya kwanza ya wanaume. Leo Kipyegon na Chebet ni miongoni mwa majina makubwa kuliko yote ya riadha Kenya. Haikuchukua miujiza. Ilichukua kambi, makocha, na wazazi kuona kwamba miguu ya binti nayo inaweza kujenga nyumba.

Kwetu dalili zipo. Zakia Mrisho wa Singida alikuwa wa sita mita 5000 kwenye mashindano ya dunia Helsinki mwaka 2005. Tangu 2017 Juma Ikangaa, bingwa wa New York 1989, amekuwa balozi wa mashindano ya wanawake peke yao yanayoitwa Ladies First, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Wajapani. Na Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 nchi nzima ilisimama. Swali ni kama tutasubiri miaka mingine 40 kwa dada yake.

Kwenye UMITASHUMTA wasichana wanakimbia vizuri tu. Wanapotelea kati ya miaka 14 na 18, umri ambao mwili wa mkimbiaji wa mbio ndefu ndio unajengwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15, na ilibidi Rebeca Gyumi aende mahakamani ndipo Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziseme vifungu hivyo havifai. Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Hayo yote yamo ndani ya zile dakika 15 na sekunde 41, ingawa saa ya Berlin haikuyaonyesha.

Kwa hiyo kwa wale wa kijiweni jibu langu ni hili. Hapana, sidhani mwanamke atamkuta mwanaume kwenye marathoni, na dada zetu hawahitaji kumkuta ndipo waheshimiwe. Mwaka 1982 kule Brisbane Ikangaa alikimbia 2:09:30 na tukamwita simba. Assefa yuko dakika mbili na ushee nyuma ya muda huo. Gidamis Shahanga alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978 kwa 2:15:39, na Assefa angempita kwa zaidi ya dakika tatu na nusu. Hiyo tu inatosha kumfunga mtu mdomo.

Lile pengo la maumbile tuliachie maumbile. Tushughulike na pengo letu la asilimia tatu. Hilo halihitaji maabara wala viatu vya kaboni. Linahitaji baba mmoja wa Ng'ambo, na mwingine wa Sikonge, na mwingine wa Urambo, amwambie binti yake leo ndoo ya maji ataibeba kaka yako, wewe nenda kakimbie.